Ute haujaisha: ufundi wa kupima goti mwisho wa reli

Kigoma huchosha magoti. Alfajiri pale Kibirizi, vyombo vikisharudi na dagaa wa usiku, kina mama huchuchumaa mchangani kuwaanika, huinuka na beseni kichwani, kisha hurudi kuchuchumaa kuwageuza. Hatua chache kando, mafundi wa mitumbwi wamepiga goti moja chini, wanakalafati nafasi za mbao kwa pamba iliyolowekwa mafuta, na huweza kukaa hivyo mpaka adhuhuri. Kutoka Mwanga kwenda stesheni njia ni mteremko, na goti bovu huogopa kushuka kuliko kupanda. Hata Ujiji ya zamani ilisimama juu ya magoti ya watu: mpagazi aliyetoka huko kuelekea Bagamoyo alibeba mzigo wa kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30, kwa miezi. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton, aliyefika ziwani Februari 1858, miguu yake ilikuwa imegoma kwa maradhi, na siku nyingi za safari ile alibebwa kwa machela na watu ambao nao walikuwa na magoti ya kuyahofia.

Goti likianza kulalamika, mtaa una jibu tayari: ute umeisha. Baada ya hapo zinafuata dawa. Kula bamia kwa wingi. Kunywa supu ya makongoro. Kanda kwa maji ya moto, chua kwa mafuta ya mise. Mzee akisimama na goti likalia "ka", watu wazima wote barazani hutikisa vichwa kama waliosikia mwadhini.

Sina ugomvi na bamia, ni mboga nzuri. Ila ute wake huishia tumboni, haufiki gotini. Na lile jibu la mtaa lina kasoro kubwa zaidi ya hiyo. Goti zima lina ute kidogo sana, mililita chache tu, haujazi hata kijiko cha chai. Goti linalosagika, mara nyingi, huwa na ute mwingi kuliko hapo awali. Huongezeka, huwa mwepesi, hupoteza ule uzito wake wa kuteleza, na ndio unaolifanya goti livimbe jioni. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba ute umeisha mara nyingi amekaa na ute wa kupindukia. Kulijua hilo kwa mikono mitupu, bila mashine, ni sehemu ya ufundi ninaotaka kuusifu hapa.

Ni ufundi usio na kelele. Hauna taa za chumba cha upasuaji. Unafanyika kwenye kitanda chembamba chenye mpira mweusi, katika vyumba vya fiziotherapia ambavyo kwa kawaida hupangiwa kona ya mwisho ya hospitali, karibu na stoo. Mwenye ufundi huo akiwa hodari, ukimtazama utadhani hafanyi kitu.

Chukua mama mmoja wa miaka hamsini na kitu, muuza dagaa. Anaingia, anampa kijana aliyevaa koti jeupe nafasi ya kumwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Goti hili litanitoa roho."

"Pole sana mama. Kabla hujakaa, nitembelee mpaka pale dirishani, urudi."

Hajamgusa. Anatazama tu. Mama akikanyaga kwa mguu wa kulia, muda wa kuukanyaga ni mfupi kuliko wa kushoto, na kila unyayo unapotua goti huchomoka kidogo upande wa nje, kisha hurudi. Miguu yake ina matege ya mbali, ambayo huyaoni akiwa amekaa. Wengine wangeliita hilo umbo la kuzaliwa na kuendelea. Kijana analiandika. Katika goti lililonyooka, sehemu kubwa ya uzito, kama asilimia 60 hadi 70, hupita upande wa ndani. Matege huuongeza mzigo huo. Utafiti wa Leena Sharma na wenzake huko Chicago, uliochapishwa mwaka 2001, ulifuata magoti yaliyokwisha kuanza kusagika kwa miezi 18, ukakuta kwamba yale yenye matege yalikuwa na hatari kama mara nne ya kuendelea kusagika upande wa ndani. Kwa hiyo yale matembezi ya kwenda dirishani yamekwisha kusema mengi.

Sasa mama analala, kanga inapandishwa hadi mapajani, miguu yote miwili wazi. Hapa ndipo wenye haraka wanapojulikana. Mpimaji wa haraka hufunua goti moja tu, lile linalouma, na hukosa cha kulinganishia. Kijana huyu anaanza na lile zima. Anaweka mgongo wa kiganja juu yake, kisha juu ya bovu, kisha tena juu ya zima, maana mgongo wa mkono husikia joto kuliko kiganja. Anatazama misuli ya mbele ya paja, hasa ule mfundo wa nyama ulio ndani, juu kidogo ya pia ya goti. Upande wa kulia umenywea. Misuli hiyo hulegea upesi goti linapojaa maji, hata mtu akijitahidi kuikaza, kwa sababu goti lenye maji hutuma taarifa za kuizima. Na misuli ikizimika, kila hatua hutua moja kwa moja kwenye kiungo bila wa kuipokea.

Kisha anafanya jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi alione polepole. Kwa kiganja anafuta upande wa ndani wa goti kwenda juu, mara moja, mara mbili, kama mtu anayelainisha kitambaa. Kale kabonde kaliko pembeni ya pia kanabaki kitupu. Halafu anafuta upande wa nje kuja chini, na macho yake hayaondoki kwenye kabonde. Kanajaa, taratibu, kauvimbe kadogo ka maji yanayorudi. Maji ya vijiko viwili tu vya chai huonekana kwa njia hiyo. Yakiwa mengi zaidi njia hii haifai tena, kwa kuwa goti limejaa pande zote. Hapo hubonyeza pia ya goti kwa vidole ikagota mfupa wa chini na kuelea tena.

"Mama, nioneshe kwa kidole kimoja panapouma."

Mama anaweka kiganja kizima juu ya pia. Ni mbele, anasema, mbele kote, hasa nikishuka Mwanga, na nikitaka kuinuka chini.

Wengi wangeishia hapo. Mbele panauma, kwa hiyo ugonjwa uko mbele. Na kweli nyuma ya pia ya goti ndiko kwenye gegedu, lile tabaka la kuteleza linalofunika mifupa kiungoni, nene kuliko yote mwilini, milimita tano au sita, na ina sababu ya kuwa nene: Reilly na Martens walikokotoa mwaka 1972 kwamba nguvu inayoikandamiza pia ni kama nusu ya uzito wa mwili mtu akitembea tambarare, zaidi ya mara tatu akitumia ngazi, na karibu mara nane akichuchumaa. Mpigie hesabu mama wa kilo 70 anayegeuza dagaa tangu jua linachomoza.

Kijana haishii hapo. Anamkunja goti, anatafuta kwa kidole gumba ule ufa mwembamba kati ya mfupa wa paja na wa muundi, na anausafiri kutoka mbele kwenda nyuma, upande wa ndani, akibonyeza kila baada ya upana wa ukucha. Karibu na nyuma mama anaruka. Hakujua kwamba pale panauma.

"Hapa uliwahi kuumia?"

Kimya kidogo. Ndiyo, miaka imepita. Aliteleza akishuka kwenye chombo na beseni, mguu ukabaki, mwili ukageuka. Halikuvimba siku ile ile, lilivimba kesho yake. Akachuliwa, likapoa, akarudi kazini.

Kwa anayejua, lile la kuvimba kesho yake ni habari kubwa. Goti likijaa ndani ya saa chache, aghalabu ni damu: ligamenti ya katikati imekatika au mfupa umepasuka. Likijaa siku ya pili, mara nyingi iliyochanika ni meniska, ile nusu-pete ya gegedu ngumu iliyokaa kati ya mifupa miwili kupokea na kusambaza uzito. Tunazo mbili katika kila goti, ya ndani na ya nje. Ni ukingo wake wa nje tu unaopata damu, kwa hiyo iliyochanika kwa ndani haiungi. Mama alipona maumivu. Meniska ilibaki ilivyo.

Kwa nini basi kiganja kilikwenda mbele? Kwa sababu gegedu haina mishipa ya fahamu. Inaweza kulainika, kupasuka, kumomonyoka hadi mfupani bila wewe kusikia. Haina mishipa ya damu pia. Seli zake ni chache mno, zimetawanyika ndani ya kitu ambacho asilimia 70 hadi 80 yake ni maji, na hula kwa kukamuliwa na kuachiwa, ute ukiingia na kutoka kila hatua. Tunachokisikia kama maumivu ya goti ni malalamiko ya majirani: mfupa ulio chini ya gegedu, utando unaotengeneza ute, mafuta yaliyo chini ya pia, misuli. Gegedu yenyewe hufa kimya. William Hunter, daktari Mskoti aliyekuwa London, aliandika mwaka 1743 kwamba gegedu ikishaharibika haijirudishi, na karibu karne tatu baadaye, pamoja na yote yaliyobuniwa, hajakanushwa sana.

Fundi wa mitumbwi anayeletewa chombo kinachovuja hagongi ubao mmoja. Hugonga na wa kushoto na wa kulia wake, kwa sababu ubao uliolegea humwachia jirani kazi yake. Goti liko hivyo hivyo, ila ubao wake hauonekani.

Na mambo hayo si dhana tu. Mwaka 1948 daktari Mwingereza, Fairbank, alitazama eksirei za magoti 107 yaliyotolewa meniska. Enzi hizo meniska ilidharauliwa. Mwaka 1897 Sutton alikuwa ameiita mabaki ya msuli yasiyo na kazi, na wapasuaji waliitoa yote bila wasiwasi, mgonjwa akarudi kucheza mpira. Fairbank aliona kwamba upande uliotolewa meniska nafasi ya kiungo ilikuwa imepungua, mfupa umejaa ukingo mpya, ncha ya chini ya mfupa wa paja imebapa. Aliyeondolewa alikuwa mmoja, walioharibika ni wengine. Ilichukua miongo mingine kabla ya wapasuaji kukubali kushona kinachoshoneka na kukata kidogo tu kisichoshoneka.

Halafu kuna mbuzi. Mwaka 2001 Jackson na wenzake Marekani walichapisha kazi ambayo hainitoki. Walitoboa kitobo kidogo cha milimita sita kwenye gegedu ya goti la mbuzi, wakaacha bila kutibu. Mwaka mmoja baadaye kitobo hakikuwa kimeziba. Kilikuwa kimepanuka, kuta zake zimeporomoka, mfupa wa chini umemomonyoka na kufanya pango, na gegedu iliyokizunguka, ambayo haikuguswa na mtu, nayo imeanza kuharibika. Jeraha lina eneo lake la utawala.

Takwimu ambayo wataalamu huirudia zaidi inatoka kwa Curl na wenzake, mwaka 1997. Walipitia kumbukumbu za magoti 31,516 yaliyochunguzwa kwa kamera. Asilimia 63 yalikuwa na jeraha la gegedu, na yale yaliyokuwa nalo yalikuwa, kwa wastani, na majeraha 2.7 kila moja. Soma tena hiyo 2.7. Ukikuta moja, endelea kutafuta, kwa sababu kwa kawaida haliko peke yake.

Namna jeraha la upande mmoja linavyofika upande wa pili si muujiza. Kwanza ni mzigo: pale palipomomonyoka hapabebi, panapobaki hubeba zaidi, na mfupa unaokabiliana na kidonda husuguliwa na kingo zake. Pili ni uchafu: vipande vya gegedu vikielea kwenye ute, utando huvichukulia kama adui, huvimba, na kumwaga kemikali zinazoyeyusha gegedu popote ilipo, ile nzima pamoja na ile mbovu. Chumba kimoja kikiungua, moshi huenda vyumba vyote vitatu: cha ndani, cha nje, na kile cha nyuma ya pia. Tatu ni mwenye goti. Akihisi maumivu hubadili mwendo, misuli hunywea, na pia ya goti iliyokuwa ikivutwa sawasawa huanza kuteleza upande. Ndivyo mama aliyeumia ndani anavyokuja kulalamika mbele.

Au pengine sivyo. Hapa ndipo ninapoupenda ufundi huu zaidi, kwa kuwa wenye nao hawajidai. Kuviona vitu viwili vibovu katika nyumba moja si ushahidi kwamba kimoja kilimwambukiza mwenzake. Huenda goti lilikwisha kuchoka kwa umri, matege na mizigo, na meniska ikachanika kwa sababu tayari ilikuwa imelegea, lile la kuteleza likawa sababu ya mwisho tu. Martin Englund na wenzake walipiga picha za MRI za watu 991 wenye umri wa miaka 50 hadi 90 huko Framingham, Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 2008: zaidi ya theluthi walikuwa na meniska iliyochanika, na kati ya hao, asilimia 61 hawakuwa na maumivu yoyote mwezi uliotangulia. Picha ingewatia wasiwasi bure. Ndiyo maana kijana wetu hakusema "meniska yako imechanika ndiyo imekuletea hili." Alisema "huenda," akaendelea.

Akaendelea wapi? Kwenye nyonga. Akamkunja mama paja na kulizungusha ndani na nje, maana nyonga mbovu hupenda kujificha gotini. Mishipa yao ya fahamu ina undugu, na wapo watu waliopasuliwa goti kwa kosa la nyonga. Nyonga ya mama ilikuwa salama. Akashika muundi kwa mkono mmoja na paja kwa mwingine, goti limekunjwa kidogo tu, nyuzi 20 au 30, akauvuta muundi mbele kwa msukumo mfupi kusikia kama ile ligamenti ya katikati, ya mbele, inakamata. Ilikamata. Ukitazama, ni tendo la nusu sekunde. Ukijaribu wewe, utashangaa jinsi paja la mtu mzima lilivyo zito, na jinsi mgonjwa asipolegea usivyosikia kitu. Kumlegeza mgonjwa nako ni ufundi. Kijana alimuuliza bei ya dagaa.

Kwa wachezaji, ile ligamenti ndiyo hadithi yenyewe. Julai 2021 Uwanja wa Lake Tanganyika ulifurika kwa fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na Yanga, na Kigoma nzima ikasimama. Baada ya siku kama hizo vichochoro vyote huwa viwanja. Kijana wa miaka kumi na tisa anapogeuka ghafla, goti likalia na kujaa jioni ile ile, watu humchua wiki mbili, kisha anarudi kucheza na goti lisilo na breki. Kila linapochomoka, linazitafuna meniska na gegedu. Lohmander na wenzake wa Sweden walijumlisha tafiti nyingi mwaka 2007 na kusema kwamba kama nusu ya waliokatika ligamenti hiyo au kuchanika meniska huwa na goti la kusagika miaka 10 hadi 20 baadaye. Mtu wa miaka 35 mwenye goti la miaka 60. Huyo mikono ya kumtambua mapema ina thamani kuliko bamia zote za Kasulu.

Kamera nayo ina heshima yake, na ingekuwa dhuluma kuinyima. Kenji Takagi wa Tokyo alichungulia ndani ya goti la maiti mwaka 1918 kwa chombo kilichotengenezwa kutazamia kibofu. Mwanafunzi wake, Masaki Watanabe, aliendeleza kazi hiyo hadi mwaka 1962 alipokata kipande cha meniska kwa kupitia matundu madogo. Leo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, hufanya upasuaji wa aina hiyo Dar es Salaam, mwanzo wa reli ile ile ambayo mwisho wake ni Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200.

Ukimwona mpasuaji hodari akifanya kazi hiyo, kinachokuvutia ni adabu yake. Lenzi ina unene wa milimita nne na imekatwa kwa pembe, kwa hiyo akiizungusha mahali pamoja anaona pembeni bila kusogea. Anajua tayari, kwa vipimo, kwamba meniska ya ndani imechanika. Hata hivyo haendi huko. Anaanza juu, kwenye mfuko ulio nyuma ya msuli, kisha nyuma ya pia, kisha kibonde cha nje, cha ndani, chumba cha ndani, katikati kwenye ligamenti, mwisho chumba cha nje. Mzunguko ule ule, kila goti. Mkono wa pili umeshika kindoana cha chuma, na kwa kindoana hicho anagusa. Gegedu nzima ni nyeupe, inang'aa, inarudisha msukumo. Iliyoanza kuugua hubonyea. Kisha huja nyufa, kisha nyuzi zinazopepea majini, mwisho mfupa mtupu. Daraja hizo nne alizipanga Outerbridge mwaka 1961 akitazama nyuma ya pia za goti, na bado zinatumika. Macho yangeweza kudanganywa na ile ya kwanza, kwa sababu inaonekana nzima, kindoana hakidanganyiki. Mpasuaji anayekwenda moja kwa moja kwenye meniska, akaikata na kutoka, amefanya nusu ya kazi hata kama mshono wake ni mzuri.

Lakini kwa mama wetu kamera si jibu. Mwaka 2002 Moseley na wenzake Marekani walifanya jambo la ujasiri: wagonjwa wa goti la kusagika waligawanywa, wengine wakasafishwa goti kwa kamera, wengine wakachanjwa ngozi tu bila kufanyiwa kitu. Miaka miwili baadaye hapakuwa na tofauti. Goti lililokwisha kusagika halisafishwi likapona, na kwa lililofika mwisho kabisa kuna kubadilishwa, safari nyingine ya treni na gharama nyingine.

Kilichobaki kwa walio wengi ndicho hicho chumba cha kona, na hapo ufundi unageuka kutoka kupima kwenda kupanga. Kijana hakumpa mama karatasi yenye michoro ya watu wanaofanya mazoezi kwenye mazulia. Alimuuliza anaswalije. Kwa kiti, tangu Ramadhani iliyopita. Basi kiti hicho hicho kikawa dawa: ainuke na kukaa bila kushika, taratibu, mara kumi, kabla ya kila swala. Mara hamsini kwa siku bila kutafuta muda. Misuli ya paja ikirudi, pia ya goti hupata wa kuivuta sawasawa, na mzigo unaotua kwenye chumba cha ndani hupata wa kuupokea. Akamwambia pia kuhusu uzito, kwa upole, kwa kuwa mtafiti Messier alionesha mwaka 2005 kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti kama kilo nne katika kila hatua. Mama alicheka, akasema kilo zake ndizo heshima yake. Wakakubaliana kuanza na kiti.

Kisha akauliza swali ambalo sijawahi kulikuta katika kitabu chochote cha magoti: unaanika wapi? Mchangani. Huko mwambaoni vichanja vya kuanikia vinafahamika, vile vya miti na wavu vinavyofika kiunoni, na husifiwa kwa kutoa dagaa safi wasio na mchanga, wenye bei nzuri. Hakuna aliyevijenga kwa ajili ya magoti. Lakini anayeanika kwenye kichanja hugeuza dagaa amesimama, na zile mara nane za uzito wa mwili zinazoikandamiza pia humpungukia siku nzima. Sijui dawa ya goti inayoongeza pia bei ya bidhaa.

Ukienda kupimwa goti, Kigoma au kwingineko, vaa kinachoweza kupandishwa hadi pajani, na funua miguu yote miwili. Kumbuka lini uliumia, hata kama ni zamani, na kama lilivimba siku ile ile au kesho yake. Anayekupima akianza na goti zima, akakutembeza, akagusa na nyonga, usimkimbize kwa kuwa foleni ni ndefu. Na ukiwa na kijana nyumbani ambaye goti lake lilivimba baada ya mechi, mpeleke wiki hii, kabla ya kumchua.